Mlinganyo Mmoja kwa Damu Zote

Zidisha HbA1c kwa 28.7, toa 46.7, unapata wastani wa sukari kwa mg/dl. Asilimia 7 inakuwa 154, au 8.6 kwa wanaosoma mmol/l. Huo ndio mlinganyo wa ADAG wa mwaka 2008, na hesabu yake ni safi. Kosa ni kumchapia kila mgonjwa jibu lake, na kosa hilo halina utetezi.

Tazameni uteuzi wa watu katika utafiti wa ADAG. Mwenye upungufu wa damu aliondolewa. Aliyeongezewa damu aliondolewa. Mwenye dalili za seli nyekundu kufa mapema, naye nje. Wakabaki 507. Kwa mtafiti ni sawa, maana anataka kuiona sukari peke yake. Lakini mlinganyo ulipoingia maabara, masharti hayo yaliachwa nyuma. Mjamzito wa Mwanza mwenye damu pungufu na kijana wa Kisumu aliyetoka kuugua malaria wanasomewa wastani wa watu ambao wao wenyewe wasingekubaliwa kuwa miongoni mwao.

Mnajua kipimo kinavyofanya kazi: sukari hushikamana na himoglobini, na seli nyekundu huishi takriban siku 120. Zikifa mapema, sukari haipati muda wa kushika. Jibu linashuka, mgonjwa anapongezwa, na macho yake yanaendelea kuharibika. Upungufu wa madini ya chuma nao mara nyingi hulipandisha jibu. Mwenye selimundu kamili hana himoglobini A hata chembe, kwa hiyo A1c yake haipo ya kupimwa. Itazameni grafu ya himoglobini zake: penye mlima wa A ni patupu, na mlima wa S umesimama pembeni. Mashine zinazotumia mbinu ya boroneti hazibabaishwi na aina ya himoglobini, ila hazirefushi uhai wa seli. Ndiyo maana nasema kila mara, na leo narudia: karatasi ya majibu itaje mbinu iliyotumika.

Pale A1c isipoaminika kuna fruktosamini, kipimo kinachosoma sukari ya wiki mbili hadi tatu bila kutegemea seli nyekundu. Huyumba protini zinapopotea kwenye mkojo.

Samuel Rahbar asingekosea hivi. Kule Tehran alikuwa akisaka himoglobini zisizo za kawaida alipokuta ile ya wagonjwa wa kisukari, akaichapisha mwaka 1968. Alianza na swali la himoglobini, sukari ikafuata. David Nathan, aliyeongoza ADAG, alikuwa pia miongoni mwa viongozi wa utafiti wa kisukari wa DCCT, kazi bora ya mwaka 1993. Kwake nilitarajia uangalifu zaidi.

Kabla ya kuamini A1c, pima wingi wa damu na selimundu. Ikipingana na glukomita ya mgonjwa, agiza fruktosamini, na usibadilishe dozi kwa kutegemea wastani uliochapwa.