Filamu ya Mapanki na Amri ya Nane

Miezi michache iliyopita, katika kundi la simu ambamo wachungaji na wanafunzi wetu hutumiana habari, kilitumwa kipande cha video kisichozidi dakika moja. Wanawake walikuwa wakitundika vichwa na mifupa ya sangara juu ya vichanja, na funza walikuwa wakitambaa miguuni pao. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba hiyo ndiyo hali ya Mwanza leo. Kabla ya saa moja kupita kundi lilikuwa limegawanyika. Wengine walisema kwamba wazungu wanatuchafua kama ilivyo desturi yao; wengine walisema kwamba serikali inaficha aibu yake; na ndugu mmoja ninayemheshimu sana alimwita mwenzake kibaraka. Nilihesabu ujumbe zaidi ya 80. Hapakuwa hata na mmoja uliouliza picha zile zilipigwa mwaka gani, na nani, wala kwamba kabla na baada ya kipande kile kulikuwa na nini.

Wasomaji wa rika langu watakuwa wamekwisha kutambua. Kipande hicho kilikatwa kutoka katika filamu ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, ambayo sisi huku tuliibatiza jina la filamu ya Mapanki. Ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2004. Mwaka 2006 ilipewa tuzo ya César nchini Ufaransa, ikapendekezwa kwa Oscar huko Marekani, ikashindwa na filamu ya ndege waitwao pengwini. Picha zile zina umri wa miaka zaidi ya ishirini. Baadhi ya wanafunzi waliobishana juu yake walikuwa bado hawajazaliwa zilipopigwa.

Nimeona vema kuihakiki filamu hiyo hapa, kwa sababu nadhani kazi hiyo hatukuifanya wakati ule ilipotakiwa kufanywa. Tuliihukumu, na kuhukumu si kuhakiki.

Filamu yaanza na kivuli cha ndege kikipita juu ya maji ya ziwa. Kisha twamwona mwongoza ndege katika mnara wa uwanja wa Mwanza, akiua nyuki kiooni kwa gazeti. Tangu hapo hadi mwisho, kwa muda wa dakika 107, hakuna sauti ya msimulizi. Sauper hatuambii la kufikiri. Huweka picha moja kando ya nyingine na kuliacha jambo lijiunge lenyewe kichwani mwetu. Twaona minofu myeupe ikipangwa katika maboksi, kisha watoto wakigombea sufuria ya wali. Twaona ofisi ya mwenye kiwanda, ambamo samaki wa plastiki aimba ukutani, kisha watoto wa mitaani wakivuta moshi wa plastiki iliyoyeyushwa ili walale wasisikie baridi wala hofu. Mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu aeleza kwa upole kabisa kwamba vita ikija ni nafuu, maana jeshi litaajiri watu. Huyo mlinzi ndiye ninayemkumbuka kuliko wote. Hadanganyi, hajidai, asema tu jinsi dunia inavyoonekana kwa mtu anayelipwa kama dola moja kwa usiku.

Hapo Sauper ni msanii wa kweli. Anajua kumsikiliza maskini bila kumharakisha, na ninatamani wahubiri wetu wangekuwa na nusu ya subira hiyo.

Lakini njia hiyo ya kusema bila kusema ina hatari yake, nayo yaonekana wazi katika suala la silaha. Filamu yote yaelekea kwenye swali moja: ndege hizi kubwa za Kirusi zinazokuja kuchukua minofu, zinakuja na nini? Karibu na mwisho, mmoja wa wafanyakazi wa ndege anakiri kwa uchungu mwingi kwamba aliwahi kupeleka Angola shehena ya vitu vizito vilivyofanana na vifaru, kisha akapita Johannesburg kuchukua zabibu za Ulaya. Ushahidi huo ni mzito. Hata hivyo ni ushahidi juu ya Angola na zabibu. Silaha zikishushwa Mwanza hatuzioni kamwe katika filamu. Twasikia watu wakizitaja. Mtazamaji aliyeko Paris au Vienna atoka ukumbini akiwa na hakika kwamba ameziona, wala mtengenezaji hajatamka uongo hata mmoja. Ameziweka tu picha mbili jirani. Mkiniuliza kama huko ni kushuhudia uongo, nitasema kwamba ni kumwacha mtu mwingine ashuhudie uongo kwa niaba yako, na sioni kama tofauti ni kubwa.

Hali kadhalika katika habari za ziwa lenyewe. Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa utawala wa Waingereza, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameangamiza aina nyingi mno za furu. Hayo ni kweli, na mwanabiolojia Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyefanya utafiti katika Ghuba ya Mwanza, aliyaandika vizuri kabla ya Sauper. Lakini ziwa halikufa. Dagaa waliongezeka sana, na baadhi ya furu walirudi sangara alipovuliwa kupita kiasi. Katika filamu hakuna soko la Mwaloni pale Kirumba, ambako dagaa hupakiwa kwenda hata Kongo; hakuna mama anayesomesha watoto kwa fedha za samaki; hakuna mtu anayecheka isipokuwa amelewa. Mji mzima umegeuzwa kuwa shimo. Sisi tuliolelewa pwani ya ziwa hili twajua kwamba shimo lilikuwapo, na twajua pia kwamba halikuwa mji wote.

Sasa tuangalie sisi tulijibuje. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akiwa Mwanza, aliikemea filamu hiyo hadharani kwamba imelipaka taifa matope. Katika siku zilizofuata maandamano ya kuipinga yalifanyika mjini. Mwandishi mmoja wa habari wa Mwanza aliyehojiwa ndani yake alipata misukosuko, hata uraia wake ukatiliwa shaka. Huko Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa makala na kitabu, na kwa kuwa alidai kwamba watoto walilipwa waigize, Sauper alimshtaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimwona Garçon na hatia ya kukashifu. Wafaransa walau walikuwa wameitazama. Walioandamana kwetu, kwa sehemu kubwa, hawakuwa wameiona hata dakika moja. Haikuwa katika kumbi zetu, na intaneti ya wakati ule katika mikahawa ya mjini isingeweza kuileta.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Sikuandamana, nilifanya baya zaidi: niliihubiri. Nilikuwa mwanafunzi wa theolojia niliyepelekwa kwa mazoezi katika mtaa mmoja ulio kando ya ziwa, na Jumapili moja ya Agosti nilisimama mbele ya washarika nikasema kwamba watu wa nje wamezusha uongo juu yetu, ati sisi twala mifupa ya samaki. Wakati ule walikuwapo waliodai kwamba mapanki ni chakula cha mifugo tu, nami nililirudia hilo kwa sauti kubwa. Baada ya ibada mama mmoja mtu mzima alinishika mkono, akanivuta kando.

"Mwanangu," alisema, "hiyo sinema umeiona?"

Nilimjibu kwamba sijaiona.

"Na mimi sijaiona. Lakini mapanki nayaanika kila siku, na jioni tunayala. Wewe hapa jana ulikula nini?"

Nilikuwa nimekula supu ya mapanki, nyumbani kwa mzee wa kanisa, tena nikaongezwa.

Ndugu wasomaji, katika Katekisimo Ndogo tunawafundisha watoto wa kipaimara kwamba amri ya nane haikatazi uongo tu. Luther alieleza kwamba inatudai pia tumtetee jirani, tumseme vema, na kuyafasiri mambo yake yote kwa upande ulio bora. Kwa kawaida twaifundisha kama amri ya majirani wanaogombana uani. Mimi nadhani ni amri ya uhakiki pia. Mtu aliyetengeneza filamu, hata awe mgeni, hata awe amekosa, ni jirani. Na mtu aliyepigwa picha ndani yake ni jirani zaidi. Nikodemo aliwauliza wenzake barazani kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia (Yn. 7:51), na jibu alilopewa lilikuwa kuulizwa kama naye ni Mgalilaya. Kumuuliza mtu ni wa upande gani badala ya kujibu swali lake si jambo lililoanza na simu. Wala sisi Walutheri tusijione safi. Luther aliyeandika maelezo hayo ndiye aliyeandika mwaka 1543 kitabu dhidi ya Wayahudi ambacho kanisa letu limelazimika kukikana, na mitambo ya kuchapa ya siku zake ilisambaza matusi kwa kasi iliyowashangaza watu kama inavyotushangaza sisi leo.

Yasemwa mara nyingi kwamba mtandao ndio umetuharibia mabishano. Sikubali. Mwaka 2006 hatukuwa na mitandao hii mikononi, na tulibishana vilevile: jambo tusiloliona, kwa kufuata aliyesema kwanza na mwenye cheo kikubwa. Kilichobadilika ni udhuru wetu. Wakati ule tuliweza kusema kwamba filamu hatuwezi kuipata. Leo mwanafunzi anayetaka kujua kipande kimetoka wapi aweza kuitafuta filamu kwa simu ileile aliyotumia kurusha tusi. Asipoitazama, ni kwa sababu hataki. Dakika moja yamtosha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuamua kabla ya dakika hiyo kuanza.

Tena tusidhani kwamba mambo hunyooka pale wakubwa wanapoipenda kazi ya msanii. Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku. Baada ya muda mfupi ikatangazwa kwamba Rais John Magufuli ameupenda, msanii aachiwe na wimbo upigwe. Mara watu walewale waliouita wa uchochezi wakauita wa kizalendo. Nilifurahi kijana yule alipoachiwa. Lakini nilijiuliza ni nani, kati ya wote waliosema siku zile, aliyeusikiliza wimbo akapima yaliyomo, kweli ni ipi na jazba ni ipi. Mwaka 2006 kazi ilikufa kwetu kwa sababu mkubwa aliichukia. Mwaka 2017 nyingine ilifufuka kwa sababu mkubwa aliipenda. Mara zote mbili mhakiki hakuwa na kazi.

Narudi kwenye filamu, kwa maana nimeliacha jambo moja. Kuna sehemu iliyopigwa katika kambi ya wavuvi, ambako watu wanakufa kwa UKIMWI na makaburi ni mapya. Mchungaji wa mahali pale anahojiwa. Anaeleza vifo kwa masikitiko, bila kuficha. Kisha anaulizwa kama huwashauri watu wake watumie kondomu, naye anajibu kwamba la, maana ni dhambi. Sauper hasemi neno. Kamera inabaki hapo kidogo, kisha inaendelea.

Niliitazama filamu yote kwa mara ya kwanza miaka kadhaa baada ya mahubiri yangu, na hapo ndipo niliposimamisha mashine. Katika kelele zote za mwaka 2006, za silaha, za mapanki, za heshima ya taifa, sikumbuki kumsikia mchungaji hata mmoja akimtaja mchungaji huyu. Tulipiga kelele juu ya silaha kwa sababu katika habari ya silaha sisi hatukuwamo. Nathani alipomsimulia Daudi habari ya mwana-kondoo wa maskini (2 Sam. 12), Daudi aliwaka hasira haraka sana, na hasira hiyo ilikuwa ya haki, ila ilikuwa imemwelekea mtu asiye yeye. Sauper si nabii, na kisa chake kina mapengo niliyokwisha kuyaonyesha. Lakini mahali pale alituuliza sisi, kwa jina la kazi yetu, na sisi tukamjibu juu ya ndege.

Simhukumu ndugu yule. Alijibu alivyofundishwa, na waliomfundisha ni walimu kama mimi. Sina hakika kwamba mimi, kijana wa mazoezi mwaka ule, mbele ya kamera ya mgeni na huku mzee wa kanisa akinisikiliza, ningejibu tofauti.

Baada ya mabishano yale ya simu niliwaita wanafunzi wa mwaka wa tatu, nikawaonyesha filamu nzima, dakika zote 107. Niliwaomba waandike kwanza walichokiona, ukurasa mmoja, bila neno la maoni. Wengi walishindwa, walianza kuandika mawazo yao kufikia mstari wa pili. Waliguna walipomwona mwongoza ndege na nyuki wake, wakalaumu kwa sauti walipoona funza. Tulipofika kambini kwa mchungaji, darasa likanyamaza. Filamu iliendelea dakika mbili tatu hivi, ndipo kijana mmoja wa Ukerewe akanyosha mkono, akaomba turudishe nyuma asikie tena swali.