Kiwavi Lazima Aile

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia Sudan Kusini, na mashamba ya mahindi ya Juba na vitongoji vyake hayakusalimika. Wengi hukimbilia sumu kali ya dukani, na siwalaumu, maana njaa haingoji. Lakini wanaonivutia mimi ni wakulima wanaotumia viuatilifu vya kibayolojia. Kazi yao inataka jicho na subira.

Dawa hizi zina sharti moja kubwa: kiwavi lazima aile. Bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis hutengeneza fuwele za protini zinazoyeyuka ndani ya utumbo wa kiwavi na kuutoboa. Virusi vya dawa iitwayo Fawligen, ambavyo wakulima wa Sudan Kusini wamewahi kuvijaribu, humshambulia mdudu huyu na kuwaacha nyuki salama. Basi mkulima hana budi kujua kiwavi anakula nini, wapi, na saa ngapi.

Ndiyo maana fundi hasa haanzi na bomba. Hupita shambani kwa kukata kona, akifunua moyo wa mhindi kwa vidole viwili. Anatafuta vidirisha: pale jani lilipokwanguliwa upande mmoja ukabaki utando mwembamba unaopitisha mwanga. Hapo pana kiwavi mchanga, wa milimita chache, na huyo ndiye ambaye dawa inamweza. Akikuta matundu yenye kingo zilizochanika na kinyesi kilicholowa kama unga wa msumeno, kiwavi amekwisha kukua na kujichimbia ndani; kinyesi chenyewe kimekuwa kizibo, dawa haimfikii kirahisi. Huyo hutolewa kwa mkono.

Kunyunyizia ni jioni. Miale ya jua huua virusi na bakteria, na viwavi hutoka kula giza likiingia. Dawa huelekezwa moyoni mwa mmea.

Asiye na fedha ana mwarobaini, mti uliojaa mitaani Juba. Viini vya mbegu hutwangwa, nusu kilo kwa lita 10 za maji, vikalala usiku mzima, vikachujwa kwa kitambaa, kisha sabuni kidogo ikatiwa ili maji yashike jani. Mwaka 1959, Sudan ikiwa bado nchi moja, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wakifyeka mimea yote na kuiacha miarobaini na majani yake. Utafiti mwingi wa mti huu ulianzia hapo. Kiwavi aliyekula dawa yake hushindwa kujivua ngozi, asikue.

Ninachokistahi zaidi ni asubuhi ya pili baada ya kunyunyizia. Viwavi bado hai, na wengi hapo hukata tamaa wakarudi dukani. Fundi hatafuti mizoga. Hutazama kinyesi: kikiwa kibichi, kiwavi bado anakula; kikiwa kimekauka, ameacha, hata kama bado anatambaa, na shamba halihitaji dawa nyingine hadi ukaguzi ujao.