Kukausha Mahindi Nakuru: Umeme kwa Feni, Joto Kutoka Ardhini

Mahindi ya Njoro, Rongai na Subukia huanza kuvunwa mwezi Oktoba, na mara nyingi mvua za vuli huyakuta yangali shambani. Punje huweza kutoka na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, ilhali Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) hutaka usiozidi 13.5. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka ipigiwe hesabu: katika gunia la kilo 90, ni karibu kilo 7 za maji za kuondolewa.

Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke huhitaji karibu uniti 0.7 za umeme, na kwa kuwa kila mashine hupoteza joto, matumizi halisi hufika uniti moja hadi moja na nusu. Gunia likikaushwa kwa koili za umeme pekee, basi, humeza uniti 7 hadi 10. Kwa bei ya stima Kenya, njia hiyo haimfai mkulima wa mahindi.

Feni ina hesabu nyingine. Hewa ikipashwa nyuzi 10 tu, unyevu wake wa kiasi hupungua karibu nusu, na kuisukuma ipenye lundo la punje hutumia sehemu ndogo ya nishati yote. (Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20, hivyo feni huhitaji kuwa kubwa zaidi.)

Joto lenyewe Bonde la Ufa linalo. Huko Eburru, mvuke wa ardhini umekausha maua ya pareto tangu enzi za walowezi. Huko Menengai, kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, imejenga kikaushio cha nafaka: maji moto ya kisima hupita ndani ya mabomba, feni ya umeme hupuliza hewa juu ya mabomba hayo, kisha hewa iliyopata moto huingia kwenye nafaka. Maji ya kisima hayagusi punje, kwa kuwa yana chumvi na gesi. Joto nalo hudhibitiwa, maana mahindi ya mbegu yakipita nyuzi 43 huanza kupoteza uwezo wa kuota.

Maji moto hayasafiri mbali bila kupoa. Mahindi ndiyo hufuata kisima. Kwa shamba la mbali, kinachoamua ni nauli ya lori linalobeba, katika kila gunia, kilo 7 za maji.