Nyumba Iliyofunguliwa Bolti kwa Bolti

Karibu na mwaka 2000, nyumba mbili za alumini zilizokuwa zimesimama Brazzaville tangu 1951 zilifunguliwa, zikapangwa kipande kwa kipande ndani ya makontena na kupelekwa Ufaransa. Ya tatu, iliyozitangulia, iling'olewa Niamey, Niger, ilikojengwa mwaka 1949. Tarehe 5 Juni 2007 moja ya zile za Brazzaville iliuzwa kwenye mnada wa Christie's jijini New York. Mwenye mahoteli André Balazs aliichukua kwa dola 4,968,000. Nyingine iliingia katika hazina ya Centre Pompidou, Paris. Dunia nzima inazijua kwa jina la Maison Tropicale, kazi ya Jean Prouvé.

Mengi yameandikwa kuhusu bei ile. Machache yameandikwa kuhusu kazi yenyewe: nyumba inafunguliwaje baada ya karibu miaka 50 ya mvua na vita, inanyooshwaje, na inaposimamishwa tena bara lingine, ni kiasi gani cha nyumba hiyo kimesafiri kweli. Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya kuuliza. Mji wetu umejaa mafundi wa chuma, na kwenye barabara ya kwenda Fungurume na Kolwezi nyumba za wafanyakazi wa migodi hufika juu ya malori zikiwa paneli zilizofungwa tayari. Zilivyokuja ndivyo zinavyoweza kuondoka.

Tuanze na alivyofikiri Prouvé. Hakusomea usanifu majengo. Alikuwa mhunzi wa Nancy aliyekulia kwenye chuma, na karakana yake ya Maxéville ilijulikana kwa kazi ya kukunja bati. Alitakiwa kubuni nyumba kwa ajili ya makoloni ya Ufaransa barani Afrika, itengenezwe Ufaransa na kusimamishwa huku. Akajiwekea masharti matatu makali. Hakuna kipande kirefu kupita mita 4 hivi, kwa sababu mashine zake ziliishia hapo. Hakuna kipande kizito kupita kilo 100 hivi, ili watu wawili wakibebe bila winchi. Kila kitu kilale bapa, kiweze kuingia tumboni mwa ndege ya mizigo.

Masharti hayo ndiyo yaliyochagua madini. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya ule wa chuma kwa ujazo uleule, kwa hiyo paneli, milango na paa vyote vikawa alumini. Chuma kilibaki mahali penye kubeba mzigo mkubwa tu: fremu za bati nene lililokunjwa, zenye umbo la panda, zilizosimama katikati ya nyumba na kushika boriti ya kilele cha paa. Nyumba nzima ilipimwa kwa vipande vya mita moja moja, hivyo paneli iliyopotea upande mmoja inaweza kuchukua vipimo vyake kwa jirani yake. Kwa mtu atakayekuja kukarabati, hiyo ni zawadi kubwa.

Lakini ufundi mzito zaidi uko kwenye hewa. Prouvé alijenga ngozi mbili. Ya nje ni baraza inayozunguka nyumba, imekingwa kwa vibao vya alumini vinavyogeuzwa kufuata jua, kazi yake kurudisha mwanga kabla haujafika ukutani. Ya ndani ni paneli za alumini, nyingine zisizosogea na nyingine za kusukuma pembeni, zenye vidirisha vya duara vya kioo cha buluu vya kupunguza makali ya jua. Juu kuna paa mbili zenye nafasi kati yake. Jua likipiga paa la juu, hewa iliyo katikati hupata joto, hupanda na kutokea kwenye tundu la kileleni. Ikitoka, huivuta hewa ya barazani kupita chini na ndani ya nyumba. Yeyote aliyelala chini ya manjanja tupu, yaani mabati, hapa kwetu mwezi wa kumi anajua joto la paa moja lisilo na dari. Paa mbili zenye njia ya hewa ni jibu sahihi kabisa, na halihitaji umeme.

Hata hivyo nyumba hizo hazikuuzika. Zilikuwa ghali kuliko za kawaida, na maofisa wa kikoloni hawakupenda sura yake ya kiwanda. Zilisimama tatu tu. Zile mbili za Brazzaville zilitumiwa na ofisi ya habari ya kampuni za alumini za Ufaransa, moja ikiwa ofisi na nyingine makazi ya mkurugenzi wake wa biashara. Zilikaa kwenye mteremko, juu ya nguzo za zege, zikiunganishwa kwa daraja dogo la miguu. Mkumbuke mteremko huo na nguzo hizo.

Wakati mfanyabiashara wa samani za kale kutoka Paris, Eric Touchaleaume, anafika kuzinunua, akishirikiana na Mmarekani Robert Rubin, Brazzaville ilikuwa imetoka kwenye vita vya 1997. Watu walikuwa wakiishi ndani na pembeni mwa nyumba hizo, na mabati yake yalikuwa na matundu ya risasi. Safari haikuwa nyepesi. Ruhusa ya kutoa mzigo nchini ilizua ubishi na serikali.

Kufungua nyumba ya namna hii kunaonekana rahisi kwa sababu hakuna ukuta wa kubomoa. Ugumu uko kwenye maungio. Alumini na chuma vikigusana mahali penye unyevu, hali ya hewa ya Brazzaville ikiwa na unyevu mwingi, hutokea mkondo mdogo wa umeme baina yao, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe hujaa kwenye tundu la bolti, bolti hukwama, na fundi mwenye haraka hulazimisha mpaka ukingo wa bati unachanika. Kuna jambo jingine. Kwa joto lilelile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kipande cha mita 4 kikipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi adhuhuri huongezeka takribani milimita 3.7, ilhali chuma cha urefu huo huongezeka chini ya milimita 2. Zidisha tofauti hiyo kwa siku za karibu miaka 50, utaelewa kwa nini tundu lililokuwa duara linaweza kukutwa limekuwa yai. Tundu hilo lina habari: linaonyesha nyumba ilivyokuwa ikisogea. Kulijaza na kulitoboa upya kwa unadhifu ni kufuta habari hiyo.

Ndiyo maana katika kazi kama hii kalamu inatangulia spana. Kila paneli ipewe namba, namba hiyo iandikwe kwenye mchoro, na mchoro uonyeshe upande uliotazama jua na uliotazama mvua. Paneli mbili zilizotoka mashine moja zikiwa mapacha kiwandani haziwi mapacha tena baada ya nusu karne. Moja imepauka, nyingine imepinda kwa uzito wa mtu aliyekuwa akiiegemea kila jioni. Ukizibadilisha mahali nyumba itasimama, maana vipimo ni vilevile, lakini umeshavuruga kumbukumbu zake.

Ufaransani chuma kilisafishwa kutu, alumini ikanyooshwa, vilivyokosekana vikatengenezwa upya, nyumba zikasimama. Nyumba ya Rubin, ile iliyoingia Centre Pompidou, ilionyeshwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2005, kisha Los Angeles. Ile ya mnada ilisimamishwa Queens, New York, mwaka 2007, na mwanzoni mwa 2008 ikasimama mbele ya Tate Modern, London, kando ya mto Thames. Kama kazi ya chuma, inastahili heshima. Nyumba iliyobuniwa ifungwe na kufunguliwa ilifungwa na kufunguliwa mara kadhaa katika miji mikubwa, na maungio yakashika. Prouvé alikuwa amesema kweli kuhusu mita 4 na kilo 100.

Penye matundu ya risasi, msimamo wangu ni mmoja: yaachwe. Kulehemu bati jembamba la alumini kwa gesi ya argoni kunawezekana, na fundi mzuri anaweza kulisawazisha hadi jicho lisione. Lakini nyumba ya 1951 isiyo na alama ya 1997 ni nyumba ya kubuni. Iliishi Brazzaville, si kwenye karatasi za Maxéville.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Sheria karibu kila nchi huihesabu nyumba kuwa mali isiyohamishika. Imeshikana na ardhi, na ulinzi wa majengo ya kale umejengwa juu ya dhana hiyo. Prouvé, kwa kuepuka kuta za saruji na uzito, alitengeneza nyumba inayoweza kuvuka mpaka huo kwa spana. Siku bolti ya mwisho ilipolegea, jengo la Brazzaville liligeuka mzigo wa kontena, na mzigo wa kontena una bei, karatasi na bandari. Urahisi uleule ulioileta nyumba Afrika ndio ulioiondoa.

Na haikuondoka yote. Nguzo za zege zilibaki. Mteremko ulibaki. Njia ya upepo iliyopandisha hewa chini ya sakafu, kivuli cha miti, vyote hivyo ni sehemu ya mashine ile ya kupoza, na hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye kontena. Msanii Ângela Ferreira, mzaliwa wa Maputo, ndiye aliyeliona hili kwa ukali kuliko wote. Alikwenda Niamey na Brazzaville kupiga picha mahali nyumba zilipokuwa, akaziweka picha za misingi hiyo mitupu kwenye banda la Ureno katika maonyesho ya Venice mwaka 2007, pamoja na ujia wa vipande vilivyopangwa kama shehena ambao mtazamaji alipita katikati yake. Mwaka uliofuata Manthia Diawara alitoa filamu kuhusu jambo hilohilo. Ferreira tunamjua hapa: alishiriki Biennale ya Lubumbashi ya mwaka 2013 kwa kazi yake Entrer dans la mine.

Kuna mfano wa kinyume ndani ya nchi yetu. Boma ina kanisa la chuma lililoletwa vipande vipande kutoka Ubelgiji mwishoni mwa karne ya 19, na bado liko Boma. Huko ndiko kwenye jua na unyevu lililojengewa, na huko ndiko linakoweza kuchunguzwa kama kitu kinachofanya kazi. Nyumba ya Prouvé kwenye kingo za Thames mwezi wa pili inaweza kuonyesha maungio yake. Haiwezi kuonyesha hewa yake.

Swali hilo la hewa ndilo ningependa lijibiwe, na linaweza kujibiwa Lubumbashi kwa gharama ndogo. Haihitajiki alumini yote wala dola milioni. Mafundi wa mjini wakikunja fremu mbili za umbo la panda na kufunika vyumba viwili vya ukubwa mmoja, kimoja kwa paa moja, kingine kwa paa mbili zenye tundu la kileleni na baraza, wanafunzi wa Polytechnique ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) wataweza kuweka vipimajoto vitatu katika kila chumba: chini ya bati, kwenye kimo cha mtu aliyeketi, na sakafuni. Wavisome kila saa katika mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, tundu la kileleni likiwa wazi wiki moja na limezibwa wiki inayofuata. Tofauti ya nyuzi kati ya wiki hizo mbili ndiyo kipimo cha kazi ya Prouvé.