Safari ya Miguu na Safari ya Moyo

Wanafunzi wetu wakiulizwa juu ya dhamira ya safari, aghalabu hutuorodheshea vituo: mhusika alitoka hapa, akapita pale, akafika kule. Orodha hiyo ni ya miguu tu. Katika makala hii tunanuia kuonyesha kwamba safari ya kimwili na safari ya kinafsi hazilingani urefu, na kwamba kazi ya mhakiki huanza pale zinapoachana. Tumeteua filamu ya Mira Nair, Mississippi Masala (1991), ambayo sehemu yake ilipigwa hapa Kampala, na riwaya ya Adam Shafi, Vuta n'kuvute (1999), ambayo Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021.

Filamu ya Nair inaanza mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Jay, wakili mzaliwa wa Uganda, anaondoka na mkewe Kinnu na binti yao Mina. Wanapitia Uingereza na kuishia Mississippi, Marekani. Kwa ramani, safari hiyo ni ndefu mno. Kinafsi, Jay hajatoka Kampala. Miaka inapita naye angali anaiandikia serikali ya Uganda barua za kudai mali yake. Linalomuuma zaidi ni neno la rafiki yake Okelo, aliyemwambia kwamba Afrika ni ya Waafrika weusi. Mina anapompenda Demetrius, Mmarekani mweusi, kidonda hicho hicho ndicho kinachomfanya baba apinge. Wahenga walisema tembea uone. Jay katembea, hakuona.

Sasa tumtazame Yasmin, msichana wa Kihindi katika Unguja ya wakati wa ukoloni. Ameozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na Mwajuma anampokea Ng'ambo. Kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo ni mwendo mfupi wa miguu. Hata hivyo, katika mwendo huo Yasmin anavuka mipaka ya rangi na tabaka, na kwa kukutana na Denge anaingia katika ulimwengu wa wapinga ukoloni. Riwaya inamfikisha hata Mombasa, lakini hatua yake nzito ni ile fupi.

Jay naye hatimaye anarudi Kampala. Anaikuta nyumba yake imechakaa, na anaambiwa kwamba Okelo aliuawa zamani. Hapo ndipo anapoiacha kesi na kuanza safari ya moyo, baada ya yule wa kupatana naye kutoweka.

Hapa tuna lawama moja kwa filamu hii. Okelo anakufa nje ya macho yetu ili Jay apate kubadilika; Mganda amefanywa daraja la safari ya mwenziwe. Mwajuma, kwa upande wake, ana nyumba yake, marafiki zake na kauli yake. Anampokea Yasmin bila kupotea ndani ya hadithi ya mgeni wake.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu maswali matatu darasani: Mhusika alibadilika wapi? Alibadilishwa na nani? Na huyo aliyembadilisha, je, naye alipewa safari yake? Swali la tatu linatuhusu hasa sisi wa Kampala, kwa kuwa mji wetu umesimuliwa mara nyingi na wapitaji.