Alama na Nafasi Zake

Juja, kati ya viwanda vya Ruiru na vile vya Thika, kuna Chuo Kikuu cha JKUAT, na huko wapo wanaoandika tasnifu za hisabati kwa programu ya LaTeX. Ipo kazi yao moja ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona: kuongeza alama ambayo programu haikuja nayo.

Chukua nadharia ya operata, tawi ambalo wanahisabati wa Kenya wameliandikia makala nyingi. Operata mbili zikikaribia kufanana, uhusiano wao huandikwa kwa wimbi dogo lenye herufi a.s juu yake. Kulichora si shida. Amri moja yatosha. Ufundi unaanza pale mwandishi anapoiambia programu, kwa neno \mathrel, kwamba hii ni alama ya uhusiano.

Kwa nini aiambie? Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alianza kuibuni TeX, ambayo ndiyo msingi wa LaTeX, mwaka 1977, baada ya kuchukizwa na kurasa za majaribio za kitabu chake mwenyewe, na alizigawa alama kwa kazi zake. Em, kipimo cha upana, aliigawa sehemu 18: alama ya kutenda kama + kwa kawaida hupewa sehemu 4 za nafasi kila upande, ya uhusiano kama = hupewa 5. Kwa herufi za pointi 10, tofauti hiyo ni kama milimita 0.2. Ni ndogo mno, lakini jicho la msomaji wa hisabati huihisi.

Tena alama ikipanda kuwa kipeo au ikishuka kuwa fahirisi, nafasi hizo hufutwa zenyewe. Aliyezipachika kwa mkono atazikuta zimebaki palepale, fahirisi imetanuka ovyo. Mambo ya ukubwa nayo yana utaratibu wake: katika fonti za Knuth, herufi ya pointi 5 haikupatikana kwa kuipunguza ile ya pointi 10, bali ilichorwa pana na nene zaidi kwa uwiano, ili isipotee. Kwa hiyo anayebuni umbo jipya huliangalia pia likiwa dogo kabisa, mahali ambapo wengi hawafiki.

Kisha hulipatia jina moja mwanzoni mwa faili. Msimamizi akitaka herufi zibadilike, mstari mmoja unarekebisha tasnifu nzima.

Ukipewa tasnifu kama hiyo, usianze na alama yenyewe. Tazama kwanza nafasi zilizo kando yake.