Taa Penye Upepo

Ndugu msomaji, katika jumba la picha la National Gallery, London, imo picha ya Mholanzi Harmen Steenwijck, iliyochorwa kiasi cha mwaka 1640. Juu ya meza pana fuvu la mtu, vitabu, upanga wa Kijapani, kombe kubwa la baharini, na taa iliyozimika punde hivi. Kila kitu kina maana yake. Vitabu ni elimu, upanga ni nguvu, kombe ni mali iliyoletwa na merikebu kutoka mbali, na taa ni uhai. Fuvu ndiyo kadari: mauti aliyoandikiwa kila mwanadamu.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika utenzi wake Al-Inkishafi wa mwanzoni mwa karne ya 19, naye aliufananisha uhai na taa iliyo penye upepo. Naye alituonyesha mali: majumba ya Pate, ambayo vidaka vyake vya sahani vimekuwa malazi ya ndege, na juu wananing'inia popo.

Lakini ipo tofauti. Fuvu la mchoraji halina jina. Kila mtazamaji aweza kudhani ni la mwenziwe. Picha za namna hiyo zilinunuliwa na wenye uwezo zikatundikwa majumbani, na onyo likawa pambo. Sayyid Abdalla aukemea moyo wake mwenyewe, kisha awataja waliokufa kwa majina yao. Hapo hapana pa kujificha. Kwa maoni yangu, utenzi umeishinda picha.

Hata hivyo tusijisifu. Nasi twausikiliza utenzi ukisomwa kwa sauti tamu, twasema "Masha-Allah", kisha twarudi kudhulumiana mipaka ya mashamba. Wengine wakisikia kadari hukunja mikono. Hapa Mbingu, katika bonde la Kilombero, mkulima wa mpunga ajua kwamba mto ukifurika haubishi hodi, naye hupanda. Mtume (s.a.w.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake, ndipo atawakali.

Basi, msomaji, taa yako ingali inawaka. Kama yupo uliyemdhulumu au anayekudai, mwendee leo kabla ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq.